Ubao wa nyuma wa boti: namna ya kuubadilisha ukioza



Katika namba hii zamu ya somo la ufundi imefika kwetu sisi wa darasa la sita. Wengine walifikiri nitaandika juu ya mtihani wa Taifa. Hapana. Nitaandika juu ya ubao, na ubao wenyewe ni mmoja tu: ule wa nyuma ya boti, unaobeba motere.

Najua mmoja atauliza: sisi wa Munigi tunakaa juu ya mawe ya volkano, ziwa liko kule chini, juu ya nini tujifunze mambo ya boti? Mkumbuke tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano nyuma ya Nyiragongo kulipuka. Serikali iliposema sehemu kubwa ya Goma ihame, watu wengi walikimbilia ziwani. Mkumbuke tena mwaka 2024, wakati vita ilikata barabara ya Sake kwenda Minova: maharagwe, mihogo, ndizi na watu wenyewe vilipita kwa maji. Nani kati yetu hajakula chakula kilichoshushwa Kituku? Basi sisi wote ni watu wa boti, hata wale hawajui kuogelea, na kwa hesabu yangu hao ndio wengi.

Sababu nyingine ni yangu mwenyewe. Minervali yangu na ya dada yangu inatoka katika boti ya baba mdogo. Ni boti ya mbao, ya zamani, urefu wa metre 9, motere ya nguvu ya farasi 25, inayobeba ndizi na mihogo kutoka Idjwi pamoja na wenye mizigo. Likizo iliyopita ubao wake wa nyuma ulibadilishwa, na mimi nilikuwa mtumishi wa fundi kwa siku 16. Kazi niliiona kwa macho. Hesabu nilizifanya kisha, pamoja na kitabu cha fizikia.

UBAO HUU UNABEBA NINI

Zamani motere ya boti ilikaa ndani, katikati, juu ya mbao nyingi zilizogawana uzito. Katika mwaka 1909 Ole Evinrude, mtu aliyezaliwa Norway na kukaa Marekani, alianza kuuza motere ya kufungwa nje, nyuma ya boti. Hakuwa wa kwanza kuifikiri, lakini ya kwake ndiyo ilienea. Ni kitu chepesi, mnaweza kukitoa jioni na kukipeleka nyumbani wezi wasikichukue. Lakini tangu siku ile kazi yote ya motere inaning'inia juu ya ubao mmoja.

Wengi wanafikiri ubao unabeba uzito tu, kilo 50 hivi kwa motere kama ile yetu. Uzito ni kitu kidogo. Chukueni kalamu tufanye hesabu. Elisi iko chini, ndani ya maji, inasukuma boti iende mbele. Lakini elisi yenyewe haigusi boti. Inasukuma mguu wa motere, na ule mguu unashika ubao kwa vibano viwili juu na kwa kisigino chini kidogo. Tuseme kutoka vibano mpaka elisi ni sentimetre 60, na kutoka vibano mpaka pale kisigino kinakanyaga ubao ni sentimetre 20. Tuseme tena elisi inasukuma sawa na uzito wa kilo 100. Huu ni wenzo, kama ule tunaotumia kung'oa mawe katika shamba la shule. Mia moja mara 60 ni 6000. Gawanya kwa 20, unapata 300. Kisigino kinasukuma ubao mbele kwa kilo 300, na vibano kule juu vinauvuta nyuma kwa kilo 200, sababu ukitoa moja kwa nyingine lazima zibaki zile 100 za elisi.

Maana yake, kila mara baba mdogo anafungua gazi, ubao unakunjwa: chini unasukumwa, juu unavutwa. Akirudi kinyumenyume mbele ya kufunga gatini, mambo yote yanageuka. Akipiga wimbi, motere inaruka na kugonga. Ubao mzima unavumilia hayo miaka mingi. Ubao uliooza unavumilia mpaka siku moja, na siku ile haichagui kama boti iko tupu ama imejaa.

Fikirini tokeo lake. Motere inaondoka na kipande cha ubao, na pale ilipokuwa kunabaki mdomo wazi karibu sana na maji. Ziwa Kivu katikati linapita metre 450 kwenda chini. Sitaki kuwatisha, lakini tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 boti iliyoitwa Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wa pwani wakiona kwa macho, na wengi walikufa. Ile habari yake ilikuwa ya kujaza watu na mizigo kupita kiasi, haikuwa ya ubao. Naitaja juu ya jambo moja: ilizama pale ambapo mtu angesema wamekwisha kufika.

JUU YA NINI UNAOZA

Hapa somo linaingia katika biolojia. Mbao haiozi kwa uzee. Inaliwa. Anayeila ni kiumbe mdogo wa jamii ya uyoga, na nyuzi zake zinapita ndani ya mbao mbele ya jicho kuona kitu. Anaomba vitu vitatu pamoja: chakula, ni kusema mbao yenyewe; hewa; na maji ya kiasi. Mbao ikiwa na maji chini ya sehemu 20 kwa mia ya uzito wake mkavu, hawezi kuishi. Ikizama kabisa daima, anakosa hewa. Katika mji wa Venezia, Italia, nyumba kubwa zimesimama juu ya nguzo za miti zilizopigwa ndani ya matope karne nyingi zilizopita, na zingali zinabeba.

Ubao wa nyuma wa boti hauko mkavu wala hauko chini ya maji. Uko katikati, pale panapompendeza adui. Ndiyo sababu mtaona sehemu ya chini, inayokaa ndani ya ziwa, bado ngumu, na sehemu ya juu, karibu na vibano, imekuwa kama mkate uliotiwa katika chai.

Maji yanaingia wapi? Si katika uso wa ubao. Yanaingia katika matundu ya buloni na visi, na katika miisho ya ubao, pale msumeno ulikata. Ukitazama mwisho wa ubao kwa kioo cha kukuzia cha laboratware yetu, utaona matundu madogo madogo. Ni mirija ambayo mti ulinywea maji ulipokuwa hai, na hata umekufa haujasahau kunywa. Mvua ndiyo mbaya zaidi. Boti yetu, kama nyingi, inavutwa pwani mdomo ukiwa juu na mgongo chini, basi maji yote ya mvua yanakusanyika nyuma na kulala pale usiku wote.

Ndugu zetu wa Mombasa na Zanzibar wana shida nyingine. Chumvi ya bahari inapunguza uyoga huu kidogo, lakini kuna mdudu wa baharini anayetoboa mbao kutoka chini kama mchwa. Katika ziwa letu huyo hayuko. Sisi adui yetu anatoka juu, pamoja na mvua.

NAMNA YA KUUJUA

Siku fundi alikuja, hakutazama rangi. Rangi ilikuwa nzuri, ya bluu, mpya ya mwezi mmoja. Alichukua mpini wa nyundo akagonga polepole kutoka pembe moja mpaka nyingine, kichwa kimeinama kama mganga anayesikiliza kifua. Kwenye pembe ilijibu ko, ko. Chini ya motere ilijibu pu, pu. Kisha akachukua turnevisi ndogo akaisukuma kwa mkono tu, bila kupiga. Iliingia sentimetre 3. Akaniambia nishike mguu wa motere chini na kuuvuta kwangu, kuusukuma, kuuvuta. Yeye aliweka kidole pale ubao unakutana na mbao za ubavu. «Njoo uguse», akasema. Niligusa. Ubao ulikuwa unapumua: ulifunguka na kujifunga kama mdomo wa samaki.

Basi kuna alama nne hata mtoto anaweza kutafuta: sauti, ulaini, mwendo, na zile machozi ya kutu zinazotiririka chini ya kila buloni. Ile ya kutu wengi wanaidharau. Kutu inaonyesha maji yamekwisha kuingia mpaka kwenye chuma, na mbao inayozunguka chuma hicho inakunywa kila siku.

Hapa kukawa maneno kati ya watu wazima. Nayaandika kwa sababu ndiyo kiini cha somo hili.

Baba mdogo alitaka bati. Ni desturi pale pwani: ubao ukilegea, wanachukua bati nene, wanalipiga misumari mbele na nyuma, wanapaka rangi, na kesho boti iko kazini. Akasema: «Papa fundi, unielewe. Siku ya soko ni kesho kutwa. Hawa watoto watafukuzwa shuleni.» Na alinionyesha mimi kwa kidole.

Fundi akajibu: «Baba, mimi siwezi kukukataza, boti ni yako. Lakini huyu ubao hakufa leo. Alikufa zamani, munamupaka tu rangi. Nikimuvalisha bati, itakuwa sanduku la maiti. Msumari utashika wapi?»

Baba mdogo alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza siku ngapi. Fundi akasema juma mbili, kama mbao kavu zinapatikana.

Nataka kutoa mawazo yangu hapa, na mwenye kupinga aandike katika namba inayokuja. Bati si nusu ya matengenezo. Ni kinyume cha matengenezo. Kwanza, msumari ndani ya mbao iliyooza haushiki kitu. Pili, kila msumari ni tundu jipya la maji. Tatu, kati ya bati na mbao maji yanakaa yasikauke, tena gizani. Unamjengea uyoga nyumba. Na la nne ndilo baya zaidi: baada ya bati hakuna mtu anaweza tena kugonga wala kuchoma turnevisi. Umefunga kitabu. Mama anayepanda na mtoto mgongoni anaona bati linang'aa, anasema hii boti ni ya nguvu. Baba mdogo alipoteza safari tano za soko, na bei ya mbao na kole ilipita minervali yangu ya miezi mitatu. Hayo ni kweli na nyumbani tuliyasikia tumboni. Lakini uzani wa upande ule mwingine ni watu.

KAZI YENYEWE

Kitu cha kwanza si kubomoa. Ni kufunga. Ubao wa nyuma hauzibi tu. Unashika mbavu mbili za boti zisifunguke. Ukiutoa bila kujitayarisha, boti inapanuka kama kitabu kilichoanguka, na ubao mpya hautaingia tena. Fundi alipima upana wa nyuma juu, katikati na chini, akaandika kwa kalamu ya mbao ndani ya boti yenyewe. Kisha alipitisha kamba nene mbili kuzunguka boti, akazikaza kwa kijiti mpaka zikalia, na ndani akaweka mti wa kuzuia mbavu zisiingie. Boti iliwekwa juu ya magogo ya kaliptusi, imekaa sawa, mbali na maji. Pwani ya Goma ni mawe makali ya volkano, kwa hiyo tulitandaza magunia ya mchanga chini ya mkuku, ule mti mrefu wa chini unaoshika boti yote.

Motere ilitolewa na watu wawili, kamba ya usalama ikiwa bado imefungwa. Tuliisimamisha, hatukuilaza ovyo, sababu maji yaliyobaki ndani ya mguu yanaweza kurudi katika silinda.

Nyuma ya hapo tulichukua patroni. Fundi alibandika karatasi ngumu za katoni juu ya ubao wa zamani akachora ukingo wake wote, na alama ya kila buloni. Hilo lilifanywa ubao ukiwa bado mahali pake. Angengoja mpaka utoke vipandevipande, angepatroni nini? Akapima tena mwinamo. Ubao wa nyuma hausimami wima kama ukuta. Unainama nyuma kidogo, mara nyingi digri 12 hivi, sababu watengenezaji wa motere wanategemea mwinamo huo. Ukiusimamisha wima, mdomo wa boti utaelekea kuinuka juu, na utashindana na motere maisha yote.

Kutoa ubao wa zamani kulichukua siku mbili. Visi zilizokataa kufunguka zilikatwa kwa msumeno wa chuma. Hatukutumia mtaimbo, sababu mtaimbo unapasua mbao nzima za ubavu. Ndipo tuliona kwamba ugonjwa umepita ubao. Magoti mawili, zile mbao za pembe zinazounga ubao na mbavu, moja lilikuwa limeoza nusu. Taruma la mwisho, ule ubavu wa ndani ulio karibu na ubao, lilikuwa jeusi sentimetre 15 kutoka chini. Fundi alikata. Kila mara nilifikiri amefika mahali pazuri, alichoma turnevisi, akakata tena. Sheria yake ni hii: ukiona mbao imebadilika rangi, haujafika, ukifika kwenye mbao safi, nenda tena upana wa mkono, sababu nyuzi za uyoga zinatangulia mbele ya uozo. Ukiacha kipande kigonjwa kando ya ubao mpya, umeweka nyama karibu na mbwa.

Sasa mbao ya kuweka. Kaliptusi iko kila mahali kwetu, ni ngumu na bei yake ni ndogo, lakini inapindika na kupasuka ikikauka. Inafaa kwa magogo na nguzo. Kwa ubao wa kubeba motere mimi singeitaka. Mvule ni mfalme katika mambo ya kuoza, lakini ni nzito na bei yake inapanda. Fundi alichagua libuyu, mbao nyekundu inayotoka misitu ya kaskazini, ile ile mafundi wa Goma wanatengenezea milango. Haishindi mvule kwa kuvumilia maji, lakini ikipakwa vizuri inatosha, tena inashika visi.

Jambo kubwa kuliko jina la mti ni ukavu. Mafundi wana hesabu ya zamani: mbao ya sentimetre 2 na nusu inaomba mwaka mmoja wa kukauka hewani, penye kivuli na upepo. Ubao wa sentimetre 5 basi ni miaka miwili. Wauzaji wote wanaapa kwamba mbao zao ni kavu. Mnaweza kuwajaribu bila maneno: kata kipande, kipime kwa mizani, kiweke jikoni karibu na moto juma moja, kipime tena. Kikipoteza uzito mwingi, muuzaji amekuuzia maji kwa bei ya mbao. Tulikataa wawili kwa njia hii.

Hatukutumia ubao mmoja mnene. Fundi aliunga tabaka mbili za sentimetre 2 na nusu, na maungio ya tabaka moja hayakuangukia juu ya maungio ya nyingine, kama matofali ya ukuta. Kole ya viti na meza haifai hata kidogo, inalainika ndani ya maji. Inaomba ile ya mikebe miwili inayochanganywa wakati wa kazi. Usiku wa Goma ni baridi, na kole hii haipendi baridi, kwa hiyo tuliacha tabaka zimebanwa siku mbili nzima mbele ya kugusa. Mwingine atauliza juu ya triplexi. Inawezekana, ikiwa ni ile ya kuvumilia maji. Chemsha kipande chake ndani ya sufuria saa moja. Kama kurasa zake zinaachana, iachie wafundi wa kabati.

Kabla ya kuufunga ubao, uliopakwa pande zote. Nasema zote: ndani, nje, chini, juu, na miisho mara tatu, rangi ya kwanza ikiwa nyepesi ili inywewe. Wengi wanapaka nje tu, panapoonekana. Hata Nuhu aliagizwa kupaka lami safina ndani na nje. Mtafute Mwanzo 6:14. Matundu ya buloni fundi aliyatoboa makubwa kuliko buloni, akayajaza kole ile ngumu, akangoja, kisha akatoboa tena katikati kwa kipimo sawa. Hivi buloni inapita ndani ya bomba la kole, haigusi mbao. Kazi hii ndogo ilichosha kuliko zote, na mimi naamini ndiyo itakayoipa boti miaka.

Buloni zilikuwa za chuma kilichopakwa zinki, zimepita ubao wote na kufungwa ndani juu ya rondeli pana. Misumari haikutumika pale panapovutwa, sababu kumbukeni zile kilo 200: msumari unavutika, buloni yenye rondeli haivutiki mpaka mbao yenyewe ipasuke. Magoti yakafungwa mapya. Mianya kati ya ubao na mbao za ubavu ilizibwa kwa nyuzi za pamba zilizosukumwa kwa patasi butu, kisha dawa ya kuziba juu. Kazi hiyo watu wa pwani ya bahari wanaiita kukalafati.

Kimo nacho ni cha kupima. Juu ya elisi kuna kibati cha kulala kilichoshikamana na mguu wa motere. Kibati kile kinapaswa kuwa sawa na chini ya boti, ama kushuka sentimetre 2 au 3. Motere ikikaa juu sana, elisi inakunywa hewa na kupiga kelele bila kusukuma. Ikikaa chini sana, unavuta mguu ndani ya maji na kuchoma esanse bure. Motere fupi inaomba ubao wa sentimetre 38 hivi, ndefu 51. Pimeni motere yenu mbele ya kukata. Baba mdogo aliwahi kuona boti iliyokatiwa motere ya jirani.

KUJARIBU

Tuliishusha boti asubuhi, maji yakiwa yametulia. Siku ya kwanza hakukuwa motere: tuliiacha tu ndani ya maji, imefungwa, mbao zinywe kidogo na kuvimba zijibane. Iliingiza maji kidogo, jioni ikapungua. Siku ya pili motere ikafungwa kwa vibano, pamoja na buloni zake mbili, na kamba kutoka motere mpaka pete ndani ya boti. Kamba ile wengi wanaicheka. Ni ya siku vibano vitalegea.

Baba mdogo aliendesha polepole karibu na pwani nusu saa, fundi amepiga magoti nyuma, kidole chake kwenye maungio yaleyale. Kisha gazi nusu. Kisha gazi yote. Kisha kurudi kinyumenyume kwa ghafula, mara tatu. Maungio hayakupumua. Tulipakia magunia ya mchanga badala ya watu na kurudia yote. Ndani ya saa kumi za kwanza za kazi buloni zilikazwa mara mbili, sababu mbao mpya inajibana chini ya rondeli na buloni inabaki imelegea bila mtu kujua.

Sasa boti inavutwa pwani kinyume: mgongo juu kidogo, na kizibo cha chini kinafunguliwa kila jioni ili maji ya mvua yatoke. Turubai ndogo inafunika motere na ubao pamoja. Kila mwanzo wa mwezi baba mdogo anagonga kwa mpini wa nyundo. Wasafiri wake wa Idjwi wamezoea, na mama mmoja wa ndizi huwa hapandi mpaka asikie ko, ko.

Patroni ya katoni niko nayo. Pamoja nayo kuna kipande cha ubao wa zamani, upande mmoja mzima na upande mmoja mkate. Mwalimu wa biolojia amekubali nikiweke juu ya meza ya laboratware mpaka mwisho wa muhula. Mje na turnevisi zenu, lakini msikimalize.

Mkuu wa wanafunzi, darasa la sita